Alama Thelathini Zilizokaa Benchi

Binti yangu alinifundisha jinsi alama zinavyohesabiwa katika mpira wa Kimarekani tukiwa jikoni kwetu, mtaa wa Fittja huku Uswidi, akichora nyuma ya bahasha ya kampuni ya nyumba. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alinieleza kwa uvumilivu ambao mimi sikuwahi kuwa nao nilipokuwa nikimfundisha kuzidisha. Wakati ule nilikuwa nikipiga meza kwa kiganja kila alipokosea. Yeye hakupiga chochote, alichora mstari tu, akaandika kumi upande mmoja na moja upande wa pili.

Mchezaji akikimbia na mpira yadi kumi, alama moja, yaani kila yadi ni sifuri nukta moja. Akidaka mpira, hata kama ataangushwa papo hapo, alama moja kwa kule kudaka tu, kisha yadi alizopata zinahesabiwa vilevile. Akiufikisha mpira kwenye eneo la mwisho wa uwanja, alama sita. Mpira ukimponyoka wapinzani wakauchukua, anakatwa mbili. Wachezaji ni watu wa kweli na mechi ni za kweli huko Marekani, ila timu ni yako ya kwenye simu: umewaokota mmoja mji huu, mwingine mji ule, na wenyewe hawana habari kwamba wako pamoja. Kila wiki timu yako inapambana na timu ya mtu mwingine na mwenye jumla kubwa anashinda. Vijana wanaiita fantasy. Mimi niliiita kazi ya watu wasio na kazi, mpaka iliponinasa.

"Na hawa walioko benchi?" nilimuuliza.

Alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Mimi nauliza kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiswidi, tumeishi hivyo miaka yote na hatujapotezana. Alisema alama za benchi zinaandikwa pembeni kwa rangi ya kijivu ili uzione, lakini haziongezwi. Mtu wako wa benchi anaweza kufanya maajabu na usipate hata nukta. Niliona huo ni ukatili na nikasema hivyo. Alicheka, akasema ndiyo maana unatakiwa kufikiri kabla mechi haijaanza, kwa sababu ikishaanza mchezaji anafungwa kufuli na huwezi tena kumtoa wala kumwingiza.

Aliniambia mambo mawili mengine siku ile, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia. La kwanza, programu inaandika kila kitu: nani kamtoa nani, saa ngapi, dakika ngapi, na kila aliye kwenye ligi anaweza kusoma. La pili, matokeo ya Jumatatu si ya mwisho. Wale wanaohesabu huko Marekani huangalia mechi upya, wakaona huyu alipewa yadi isiyo yake au yule alinyimwa, na masahihisho hutoka katikati ya wiki, mpaka Alhamisi. Baada ya Alhamisi mambo yamekwisha.

Ligi yao ilikuwa ya watu kumi kutoka darasa lake. Wavulana tisa, na yeye. Walimwita kwa sababu mtu wa kumi alijitoa, na mmoja wao, mvulana mwenye mdomo, alisema waziwazi kwamba huyu msichana atakuwa wa kujazia nafasi. Binti yangu alijiunga. Alisoma. Nilimkuta mara nyingi na daftari pembeni ya simu, akiandika nani anapewa mpira mara ngapi. Na kwa kuwa nilikuwa nachungulia begani kwake na kupiga kelele, aliniandikisha kama mwenzake wa timu. Kwenye simu jina langu likawa Papa, yaani baba, kama anavyoniita.

Halafu alinipa zawadi. Mwezi wa tisa alikuta kwenye orodha mdakaji mmoja wa akiba wa timu fulani, mtu asiyetajwa na yeyote, lakini jina lake la ukoo lilikuwa la kwetu kabisa. Ni jina ambalo pale Uvira, mji tulikotoka, ukiliita sokoni watageuka watu watano. Nililisoma nikasimama. Nilitembea jikoni huku na huku nikilitamka. Binti yangu akamchukua kwenye timu yetu, akanionyesha.

"Han är din, papa," alisema. Huyu ni wako. "Lakini anakaa benchi."

Nikakubali. Nilimpenda yule kijana kama mtu wa nyumbani, na kila Jumatatu niliangalia alama zake za kijivu: sifuri, mbili, sifuri.

Ilipofika Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, mwanzo wa likizo ya vuli, timu yetu ilikuwa inakutana na ile ya mvulana mwenye mdomo. Kwa binti yangu hiyo ndiyo ilikuwa mechi ya mwaka. Lakini wikiendi hiyohiyo vijana wa kanisa walikwenda kambi, yeye akiwemo, na huko kambini simu hukusanywa kwenye kikapu Ijumaa na kurudishwa Jumapili ndani ya basi. Alipanga kikosi chote kabla ya kuondoka. Akasimama mlangoni na begi lake, akanipa maagizo yake.

"Usiguse kitu, papa. Labda mtu akiumia tu. Na kumbuka, wiki hii ni saa kumi na mbili jioni, si saa moja."

Alinieleza kwa nini. Sisi Ulaya tunarudisha saa nyuma Jumapili ile, Wamarekani wanarudisha wiki moja baadaye, kwa hiyo kwa wiki moja mechi zao zinatuangukia saa nzima mapema. Nikamwambia, "Sawa, mama, nenda salama." Jumapili asubuhi nilirudisha saa ya jiko na ile ya ukutani na nikajiona mtu makini sana.

Kanisa letu linakodi ukumbi wa chini kule Rinkeby, upande mwingine wa mji, na sisi huingia mchana Waswidi wakishamaliza ibada yao. Baada ya ibada tunakula. Mke wangu alikuwa kazini siku hiyo, kwenye nyumba ya wazee anaowahudumia, kwa hiyo nilikaa na wanaume, sahani ya sambusa magotini. Kuna mzee wa kanisa tuliyekaa naye kambi moja ya wakimbizi kabla ya kuletwa huku. Watoto wetu wote wanamwita tonton, yaani mjomba. Ndiye anayesoma majina ya wagonjwa wakati wa maombi, na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Nilimwambia kuhusu yule mdakaji.

"Jina gani? Sema tena!" akasema. Nikasema tena. "Eh! Ile jina ni ya kwetu kabisa! Na anacheza leo?"

Ningeweza kusema yuko benchi. Ilikuwa kweli na haikuwa na ubaya. Lakini wanaume sita walikuwa wamenigeukia, na mimi ni mtu ambaye hajageukiwa na wanaume sita tangu siku ya harusi yangu. Nikasema, "Anaanza. Nimemwanzisha." Tonton akanyoosha mkono. "Onyesha tuone."

Basi nikafungua simu pale pale, nikamtoa mkimbiaji wa binti yangu, yule aliyemchunguza mpaka akajaza daftari zima, nikamweka mdakaji wa nyumbani. Nikawapa simu. Ilizunguka mkono kwa mkono, jina la kwetu katikati ya majina ya Wamarekani, na wazee walilisoma kwa sauti na kupiga makofi. Tonton alisema mutoto wetu amefika mbali. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilijiambia nikifika nyumbani nitarudisha kila mtu mahali pake, maana mpaka saa moja kuna muda mwingi.

Saa kumi na mbili ilinikuta ndani ya treni ya chini ya ardhi, nikiwa nimetulia kabisa. Nilibadilisha treni katikati ya mji. Nilifika Fittja, nikaweka maji ya chai, nikafungua simu. Mkimbiaji alikuwa benchi na kufuli pembeni ya jina lake. Nilibonyeza. Nilibonyeza kwa nguvu, kama ni kengele ya mlango. Nilizima simu nikaiwasha. Kisha nikakaa kwenye kiti nikakumbuka mlango, begi, na saa kumi na mbili jioni.

Yale aliyoyafanya yule mkimbiaji jioni ile, Mungu ndiye anajua kwa nini. Alikimbia yadi mia na kumi na mbili. Aliingiza mpira eneo la mwisho mara mbili. Alidaka mara nne, yadi ishirini na nane juu yake. Kalamu haihitajiki: kumi na moja nukta mbili, na kumi na mbili, na nne, na mbili nukta nane. Alama thelathini kamili, za kijivu. Mdakaji wetu wa Uvira alidaka mpira mmoja, akaenda yadi tatu, akaangushwa na watu wawili. Moja nukta tatu.

Binti yangu aliingia kama saa mbili usiku, akinuka moshi wa kuni. Alivua viatu taratibu.

"Varför sitter han på bänken?" aliuliza. Kwa nini yuko benchi?

Nilikuwa na saa nzima na zaidi ya kutayarisha jibu la kweli, na badala yake nilikuwa nimetayarisha la uongo. Nilimwambia nilisoma mahali kwamba mkimbiaji ameumia. Nikasema nilimtoa ili kutuokoa. Niliongeza hata goti, goti la kushoto.

Alitazama simu yake, alama zikiendelea kupanda. "Lakini anacheza, papa."

"Basi waliandika vibaya," nikasema. "Watu hawa wanakosea sana. Labda hata hizi alama wamekosea."

Aliweka simu mfukoni. Halafu akasema polepole kwamba Alhamisi huwa wanasahihisha. Mimi nikadakia haraka, nikishukuru kwa kupewa mlango. "Ndiyo. Tungoje Alhamisi."

Jumatatu asubuhi wachezaji wote wa pande zote mbili walikuwa wamemaliza. Tulishindwa kwa alama tisa nukta nne. Mkimbiaji angekaa mahali pake tungeshinda kwa kumi na tisa nukta tatu, niliipiga hesabu hiyo ndani ya basi nikienda kazini, nikairudia kwenye treni, kana kwamba ingebadilika.

Jumanne niliingia kwenye ukurasa wa mazungumzo wa ligi, ambao nami nauona kwa kuwa ni mwenzake. Yule mvulana alikuwa ameweka picha ya mdakaji wetu na ile moja nukta tatu, na vicheko chungu nzima chini yake. Aliuliza ni nani mwenye akili timamu anayemwanzisha mtu kama huyu na kumwacha mkimbiaji nje. Wengine waliongeza yao. Chini kabisa binti yangu alikuwa ameandika maneno mawili: "Mitt fel." Kosa langu.

Nilikuwa chooni kazini niliposoma. Nilikaa humo mpaka mtu akagonga mlango.

Na sasa niseme jambo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba sikuwa mtu asiyejua kukiri. Kazi yangu, katika kiwanda kimoja Södertälje, ni kukagua. Tuna karatasi ya kuandika makosa, na utaratibu ni kwamba ukikosea wewe mwenyewe unajaza: nini kimetokea, lini, nani aligundua. Hakuna anayekugombeza. Jumatano ya wiki ileile nilipitisha sanduku moja bila kulipima, nikagundua baada ya dakika kumi, nikalirudisha, nikajaza karatasi na kuweka jina langu bila hata kufikiri. Msimamizi alisema tack, asante, akaenda zake. Nilirudi nyumbani, nikakaa mezani mbele ya mtoto wangu, tukala ugali na samaki, na sikuweza kumwambia sentensi moja. Aliniuliza kazi ilikuwaje. Nikasema kazi ilikuwa nzuri.

Kwetu baba haombi msamaha kwa mtoto. Sikumsikia babangu akifanya hivyo hata siku moja, na alikuwa na mengi ya kuombea msamaha. Lakini naona aibu hata kulitumia hilo kama kisingizio, maana mambo mangapi ya kwetu nimeyaacha uwanja wa ndege bila kusikitika.

Alhamisi nilimkuta jikoni, simu mbele yake imegeuzwa kifudifudi. Nilitoa yangu, nikavaa miwani, nikafanya maigizo yangu.

"Tuone sasa," nikasema. "Aa. Wamesahihisha yadi moja tu, ya mtu wao. Tofauti sasa ni tisa nukta tatu. Watu hawa bwana!"

Alinijibu kwa Kiswahili. Kiswahili chake hutoka kikiwa safi na cha taratibu, kama nguo ya sikukuu, kwa sababu hakitumii ovyo.

"Papa, nilikungoja mpaka leo."

Akageuza simu. Mstari mmoja: Papa, Jumapili, saa kumi na moja na dakika arobaini na moja, mmoja ametoka, mmoja ameingia. Dakika kumi na tisa kabla ya mechi, saa ambayo tonton alikuwa na mkono wake juu ya bega langu.

"Niliona kwenye basi," alisema. "Kabla sijafika nyumbani."

Kumbe aliponiuliza pale mlangoni alikuwa anajua. Aliniuliza ili nimwambie. Alipotaja Alhamisi alikuwa ananipa siku nne. Nikaelewa yote hayo kwa mpigo mmoja, na nikafanya kitu gani? Nikakasirika. Nikapiga meza kwa kiganja, sahani zikaruka, nikasema, "Siku hizi unampeleleza baba yako?" Hakulia. Alichukua simu yake, akaenda chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani na mimi, akakaa karibu yangu kama kawaida. Wakati wa chakula tonton akatujia na sauti yake yote.

"Ndugu! Yule mutoto wetu alifanya nini? Mulishinda?"

Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka. Binti yangu akanitangulia. Aliinama kidogo kwa adabu, akasema, "Hapana, tonton. Mkimbiaji wetu aliumia goti. Papa alijaribu kutuokoa."

Goti. Hakusahau hata goti. Alisema bila kubabaika, uso umetulia, kwa sababu mtoto aliyelelewa vizuri hamwaibishi baba yake mbele ya watu, na mimi ndiye niliyemlea. Tonton alisikitika kweli, akasema pole sana. Mimi nilitafuna sambusa, nikatikisa kichwa kama mfiwa.

Ndani ya treni nilimuuliza kwa nini alimwambia tonton vile. Alitazama dirishani, ingawa nje palikuwa na ukuta wa handaki tu.

"Skulle jag säga sanningen?" aliuliza. Ningesema ukweli?

"Ndiyo," nikasema. "Ukweli ndio..."

"Då får du börja." Basi anza wewe.

Nilianza. Nilimweleza kila kitu kuanzia wale wanaume sita mpaka kufuli, na nilisema nimekosa, nikatumia neno hilo hilo, nimekosa, mama, unisamehe. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyodhani. Alinisikiliza mpaka Fittja. Tulipokuwa tunapanda ngazi alisema sawa, halafu akauliza, "Na tonton?" Nikamwambia Jumapili ijayo nitamwambia tonton mbele ya wale wale. Alitabasamu kidogo. Wiki nzima tulikuwa watu wa nyumba moja tena, na alinionyesha kikosi kipya akaniuliza naonaje.

Jumapili nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga kusema wakati wa chakula, na hata maneno niliyafanyia mazoezi. Lakini kabla ya chakula kuna ibada, na katika ibada kuna maombi ya wagonjwa. Tonton alisimama mbele na karatasi yake. Alimtaja mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji. Alimtaja mtu aliyelazwa Bujumbura. Halafu akainua uso, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Na yule kijana wa timu ya ndugu yetu," alisema, "ule anayeumia goti kule Amerika. Mungu amuponyeshe haraka, arudie kazi yake."

Mkimbiaji mwenye magoti mawili mazima, aliyekuwa pengine anafunga viatu vyake saa hiyo, aliombewa na ukumbi mzima. Binti yangu aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja mpaka Alhamisi. Palikuwa na ukimya kidogo pale, wa kutosha mtu kusimama. Nilifumba macho. Watu wakasema amina, na mimi nikasema amina, kwa sauti. Kando yangu yeye alinyamaza.